Dripu ya kingamwili au kubadilisha plazima: familia ichague nini neva zikishambuliwa baada ya upasuaji

Kaka yangu alitolewa mfuko wa nyongo hapa Nairobi, akaruhusiwa siku ya tatu, akapanda ngazi hadi ghorofa ya nne kule Umoja kwa miguu yake mwenyewe. Siku ya kumi na mbili asubuhi, shemeji yangu alimwona akijaribu kuvaa ndara. Anasukuma mguu, ndara inateleza mbele. Anasukuma tena, inateleza. Kidole gumba kilikuwa hakishiki. Jioni ya siku hiyo hakuweza kuinuka kitini bila kuegemea meza. Siku ya kumi na saba alikuwa amelala wodini, anaongea kwa pumzi fupifupi, na daktari wa neva amesimama mbele yetu: mama, shemeji na mimi. Akasema kuna tiba mbili, zote zina ushahidi, na angependa tuzungumze tujue ipi inamfaa huyu mgonjwa.

Hatukujua hata tuulize nini. Naandika hapa yale ambayo ningependa mtu angeniwekea mbele ya macho asubuhi ile, kabla ya mjomba wetu wa Machakos kuanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe.

Kwanza hakikisheni ugonjwa ni upi

Neva zinaweza kuumia kwa upasuaji kwa njia mbili zisizofanana kabisa. Kuna neva iliyokatwa, iliyovutwa au iliyobanwa mgonjwa akiwa amelazwa mezani. Hiyo kwa kawaida mtu huamka nayo, au huigundua ganzi ya dawa ikishaisha. Na kuna neva zinazoshambuliwa na kinga ya mwili wenyewe. Hapa huwa kuna kipindi cha utulivu. Mgonjwa anaamka mzima, anakwenda nyumbani, anakula uji wake, kisha siku kadhaa au wiki kadhaa baadaye miguu inaanza kufa ganzi. Kipindi hicho cha utulivu ndicho jambo la kwanza la kumwambia daktari, kwa tarehe. Sisi tulisema "baada ya operesheni" tu, na mtu mmoja akatuandikia kwamba ni sindano ya mgongo. Kaka yangu hakuwa amechomwa sindano ya mgongo, alikuwa amelazwa usingizi mzima. Na hata kama angechomwa, ganzi ya sindano ile huisha kwa saa, haingoji siku kumi na mbili ndipo ianze kupanda.

Ugonjwa wake ulikuwa Guillain-Barré. Jina linatokana na Georges Guillain na Jean Alexandre Barré, ambao pamoja na André Strohl walieleza hali ya wanajeshi wawili wa Ufaransa mwaka 1916. Kinga ya mwili hushambulia utando wa mailini unaofunika neva, au uzi wa neva wenyewe, na udhaifu hupanda kutoka miguuni kwenda juu, pande zote mbili. Si ugonjwa wa kila siku: humpata mtu mmoja au wawili kati ya watu 100,000 kwa mwaka. Kwa jiji la watu milioni 4.4 kama Nairobi ya sensa ya 2019, kiwango hicho ni watu kama 44 hadi 88 kwa mwaka, kwa sababu zote. Wengi wao hutanguliwa na maambukizi, hasa kuhara kunakoletwa na bakteria wa Campylobacter jejuni. Wanaotanguliwa na upasuaji ni sehemu ndogo, na ndiyo maana daktari wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana na mmoja.

Ila Guillain-Barré ina ndugu, na tiba ya mmoja si tiba ya mwingine. Upo uvimbe wa neva unaofuata upasuaji ambao haupandi kwa mpangilio ule. Unaweza kushika mguu mmoja au mkono mmoja, mbali na palipopasuliwa, na mara nyingi huja na maumivu makali. Watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha mwaka 2010 habari za wagonjwa 33 wa namna hii, na wengi wa waliochukuliwa kipande cha neva walionekana kuwa na uvimbe wa kinga ndani yake. Upo pia ule ambao Parsonage na Turner waliueleza mwaka 1948: bega linauma usiku kucha kama limechomwa, kisha maumivu yakipungua msuli unalegea na kukonda. Na upo unaokwenda polepole, unaozidi kudhoofisha kwa zaidi ya wiki nane.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu ya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na kinga ya mwili. Katika ule wa polepole steroidi ni dawa halali. Katika uvimbe wa upande mmoja baada ya upasuaji, madaktari wengine huzitoa kwa matumaini ya kuutuliza. Lakini katika Guillain-Barré zimejaribiwa na hazikusaidia, na vidonge vyake havipendekezwi. Kaka yangu alipoteza siku nne kwenye kliniki moja ya mtaani akichomwa steroidi na vitamini "za neva", huku miguu ikiendelea kumkatalia. Waliofanya vile hawakuwa na nia mbaya, lakini siku zile nne nazihesabu hadi leo.

Kinachotenganisha magonjwa haya ni uchunguzi wa daktari mwenyewe, kipimo cha umeme wa neva, na maji ya uti wa mgongo, ambayo katika Guillain-Barré huwa na protini nyingi bila chembe nyeupe kuongezeka. Kipimo hicho kikifanywa wiki ya kwanza kinaweza kuonyesha maji ya kawaida kabisa, na hilo haliondoi ugonjwa. Kama kuna homa, maumivu makali ya mgongo, au mkojo umekataa kutoka tangu mwanzo, dai kwamba uti wa mgongo upigwe picha ya MRI haraka, hasa kwa aliyechomwa sindano ya mgongo, maana damu au usaha ukibana hapo ni dharura ya aina nyingine.

Tiba zenyewe

Dripu ni ya imunoglobulini, yaani kingamwili zilizokusanywa kutoka plazima (sehemu ya maji ya damu, bila chembe zake) ya maelfu ya watu wanaochangia damu. Hutolewa kwa mshipa wa kawaida wa mkono, gramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, siku tano mfululizo. Kaka yangu ana kilo 70, kwa hiyo gramu 28 kila siku, jumla gramu 140. Ukizihesabu kwa chupa za gramu kumi, ni chupa kumi na nne. Nakumbuka chupa ya kwanza: kioo kizito, maji meupe yenye povu juu kama maji ya sabuni, na sista akimwambia shemeji kwa upole, "Mama, usiitikise." Inaanzishwa taratibu sana, presha ikipimwa kila baada ya muda mfupi, kisha kasi inaongezwa.

Tiba ya pili ni kubadilisha plazima. Damu inatolewa kwa mrija mnene, mara nyingi wa shingoni au kinenani, inapita kwenye mashine inayotenga yale maji ya manjano yaliyobeba kingamwili zinazoshambulia neva. Chembe za damu zinarudishwa mwilini pamoja na albumini, ambayo ni protini ya damu, au plazima ya watu wengine. Kwa mtu wa kilo 70, mzunguko mmoja hubadilisha kama lita tatu na nusu, na mizunguko huwa minne hadi sita, aghalabu siku moja katikati, kwa wiki moja au mbili. Watu wa nyumbani walisikia "kusafisha damu" wakadhani figo zimekufa. Mama alikaa chini kabisa. Si dayalisisi, ingawa mrija unafanana na baadhi ya mashine ni zilezile zikifungwa kichujio tofauti. Mweleze mzazi mapema.

Ipi ina nguvu zaidi? Hapa ndipo tulipopata nafuu ya moyo. Kubadilisha plazima ndiko kulikotangulia kuthibitishwa, kwa jaribio la Amerika Kaskazini la wagonjwa 245 lililotoka mwaka 1985. Waholanzi wakajaribu dripu kwa wagonjwa 150, wakachapisha mwaka 1992, ikaonekana haiko nyuma. Kisha mwaka 1997 jaribio la nchi kadhaa likawagawa wagonjwa 383 katika makundi matatu: plazima, dripu, na plazima ikifuatwa na dripu. Matokeo yalilingana. Kuzifuatanisha hakukuongeza faida ya maana. Kwa hiyo mtu akikwambia dripu ni ya matajiri na ndiyo inayoponya kweli, hajui. Na akikwambia ufanye zote mbili kwa usalama, mwambie pole pole kwamba ukianza na dripu kisha uweke mashine, unaiosha dawa uliyolipia.

Kitanda cha kaka yangu na kitanda cha jirani

Tiba zikilingana nguvu, kinachoamua ni mwili uliolala pale na jeraha lililo juu yake. Kwa mgonjwa aliyetoka upasuaji mambo haya huwa mazito kuliko kwa mwingine yeyote, na sikuyaona yakielezwa mahali pengi.

Anza na kidonda. Kubadilisha plazima kwa albumini kunaondoa pia vitu vinavyogandisha damu, kwa muda wa siku moja hadi tatu hivi. Kwa mtu mwenye jeraha bichi, hasa la ndani usiloliona, hiyo ni hatari ya kutoka damu. Madaktari wanaweza kurudisha kwa plazima ya wachangiaji badala ya albumini, lakini nayo ina mzio wake. Kaka yangu alikuwa na shimo moja la upasuaji lililokuwa bado linalowesha bandeji. Daktari alilitazama, akalibonyeza kando kwa kidole, akasema hilo pekee linamfanya aegemee dripu.

Kisha bonge la damu, na hapa mizani inageuka. Dripu ya imunoglobulini huifanya damu kuwa nzito na inaweza kuleta bonge mguuni au kwenye mapafu. Mtu aliyepasuliwa juzi, ambaye miguu haisogei, tayari yuko kwenye hatari hiyohiyo. Kama ana bonge, au aliwahi kuwa nalo, sema kabla chupa haijafunguliwa. Akipewa dripu, uliza kuhusu sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda, na maji ya kutosha.

Figo nazo. Dripu inaweza kuziumiza, zaidi kwa mwenye kisukari, mzee, au aliyekuwa na figo dhaifu. Aina zenye sukari ya sukrosi ndizo mbaya zaidi kwa hilo, na unaweza kuomba isiyo nayo. Mwenye moyo dhaifu naye hubebeshwa maji mengi. Wapo pia wachache wasio na kingamwili aina ya IgA, ambao dripu inaweza kuwaletea mzio mkali.

Kitanda cha jirani kulikuwa na mama kijana kutoka Kitengela, amejifungua kwa upasuaji wiki mbili nyuma. Presha ya ujauzito ilikuwa imemgusa figo, na mguu wa kushoto una bonge la damu. Ugonjwa uleule, jibu kinyume. Wao walishauriwa mashine. Nilimwona akirudi kutoka mzunguko wa pili, midomo inamtekenya, anasema inawasha kama pilipili. Ile ni kalisiamu kushuka kwa sababu ya dawa inayozuia damu isigande mashineni, na sista alimrekebishia hapo hapo. Shida nyingine za mashine ni presha kuanguka ghafla na maambukizi kwenye mrija wa shingo. Ugonjwa wenyewe huweza kuvuruga presha na mapigo ya moyo, yakipanda na kushuka bila sababu. Mgonjwa wa namna hiyo hawezi kuvumilia mashine kirahisi, na dripu humfaa zaidi. Watoto wadogo pia hupewa dripu, kwa sababu mishipa yao haiupokei vizuri mrija ule.

Halafu kalenda. Dripu ina ushahidi ikianza ndani ya wiki mbili tangu udhaifu uanze, na mashine hadi wiki nne. Aliyezungushwa zahanati hadi zahanati na kufika wiki ya tatu, swali lake haliko sawa na la aliyefika siku ya tano. Kwa wote wawili, mapema ni bora.

Nairobi yenyewe

Dripu inahitaji muuguzi makini, friji na pesa. Mashine inahitaji mashine, mtaalamu wake, mrija, na kitanda cha uangalizi wa karibu. Kwa hiyo swali la kwanza la Nairobi halikuwa ipi bora. Lilikuwa: hapa tulipo, ipi inaweza kuanza leo? Hospitali tuliyokuwa haikuwa na mashine. Kumhamisha kulimaanisha ambulensi, malipo ya awali upande wa pili, na saa kadhaa za msongamano na mtu ambaye pumzi zake zilikuwa zinapungua. Hilo na kidonda vilitosha. Tukachagua dripu, chupa za siku mbili za kwanza zikanunuliwa kabla ya saa kumi jioni.

Kuhusu gharama sitaandika namba, maana bei hubadilika na kila hospitali ina yake. Kwa ujumla dripu ndiyo dawa ghali. Mashine dawa zake ni nafuu, ila siku za kulazwa, albumini na vifaa vya kila mzunguko hujumlishwa, na bili zinaweza kukaribiana kuliko mnavyofikiri. Ombeni makadirio ya tiba nzima kwa maandishi, zote mbili, kando kwa kando. Kwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kwa bima yoyote nyingine, pateni jibu la maandishi kuhusu jina la dawa yenyewe, si "matibabu ya neva". Na harambee ianze siku hiyohiyo. Grupu yetu ya WhatsApp ilianza saa mbili usiku ikiwa na watu tisa, na kufikia asubuhi ilikuwa na mia moja na kumi. Mjomba alibaki na ng'ombe wake.

Kule Dhaka, Bangladesh, madaktari walijaribu njia ya bei nafuu ya kubadilisha plazima kidogokidogo bila mashine, wakiacha chembe za damu zishuke zenyewe ndani ya mfuko kisha kuzirudisha. Walichapisha mwaka 2018 matokeo ya wagonjwa 20, ikaonekana inafanyika kwa usalama. Ni jaribio dogo na si kitu cha kuomba wodini kesho, lakini nchi kama yetu ina haki ya kulifuatilia kwa macho makali.

Dripu ya pili?

Siku ya nane tangu dripu ianze kaka yangu alikuwa palepale. Hakuzidi, hakupona. Hapo ndipo familia hukosa usingizi, na sauti zikaanza: tununue nyingine. Daktari alikataa, na alikuwa sahihi. Jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2021 liliwapa wagonjwa wenye dalili za kupona kwa shida dozi ya pili mapema. Haikuwasaidia, na madhara makubwa, yakiwemo mabonge ya damu, yaliongezeka. Jambo tofauti ni mgonjwa aliyeanza kupata nafuu kisha akarudi nyuma. Huyo madaktari huweza kumrudia tiba. Lakini kutulia mahali pamoja si kushindwa kwa dawa. Neva hujenga mailini kwa wiki na miezi, na dawa hizi zote mbili kazi yake ni kusimamisha moto, si kujenga nyumba.

Pumzi

Tiba yoyote mtakayochagua, kati ya wagonjwa wanne au watano, mmoja huhitaji mashine ya kupumulia. Tulifundishwa kipimo cha kitandani: avute pumzi moja, ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Jumatatu kaka yangu alifika ishirini na nne. Jumanne kumi na tisa. Jumatano alfajiri alikwama kumi na mbili, na ilikuwa shemeji, si sisi wengine, aliyekwenda kugonga mezani kwa wauguzi na kukataa kuondoka hadi pumzi ipimwe kwa kifaa. Alihamishiwa ICU saa hiyo. Sauti ikibadilika, mate yakianza kumpalia, au akishindwa kuinua kichwa kwenye mto, msisubiri raundi ya madaktari ya asubuhi. Hakuwekewa mrija wa mashine mwishowe. Alikuwa mahali ambapo ungewekwa kwa dakika moja, na hilo ndilo tulilolihitaji.

Mama wa Kitengela alisimama akishikilia kitanda wiki ya tano, kaka yangu wiki ya saba. Msilinganishe kwa hayo tiba ipi ni bora, wagonjwa wawili hawathibitishi chochote. Wengi hurudi kutembea, lakini takriban mmoja kati ya watano huwa bado hatembei bila msaada baada ya miezi sita, na mtu wa fizio anapaswa kuanza kazi mgonjwa akiwa bado hajiwezi, kwa kumkunjua viungo na kumgeuza.

Sasa ana ngiri inayohitaji kurekebishwa, na aliogopa kisu tena. Daktari wa neva alimwambia ugonjwa kurudi hutokea kwa wachache tu, upasuaji unaohitajika usikimbiwe, ila daktari wa usingizi ajue historia yote mapema na aiepuke dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksinilikolini, kwa sababu kwa mtu aliyepata ugonjwa huu inaweza kupandisha potasiamu ghafla na kuusimamisha moyo. Alimwandikia hayo kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, na tarehe za ugonjwa. Kaka yangu ameikunja mara nne akaiweka kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho.